KUBADILI MENO YA DIFU: MZEE, LAND ROVER YAKE NA MLIMA WA KANABA

Wahenga walinena kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Ndugu msomaji, methali hiyo wengi wetu tumeisikia tangu tungali watoto, lakini ni wachache waliopata kuiona ikitendeka uvunguni mwa gari. Sisi tumeiona. Tumeiona huko Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, tukiwa tumelala chali juu ya turubai, oili nzito ikitudondokea kifuani, na mbele ya macho yetu imening'inia difu ya Land Rover iliyoundwa mwaka 1967.

Tulikwenda huko wakati wa likizo kumwamkia mzee mmoja, sajini mstaafu wa magari, ambaye ndiye aliyetufundisha kuendesha na kutunza gari tulipokuwa kadeti. Siku zile yeye alikuwa mkufunzi na sisi tulikuwa wanafunzi tusiojua hata spana ya kushika. Leo sisi tunavaa nyota begani, naye anavaa kofia ya majani ya kujikinga na jua. Lakini mbele ya gari cheo kingali chake. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ametuomba tusimtaje. Alisema, "Afande, andika habari za gari. Mimi nimekwisha kuandikwa vya kutosha katika vitabu vya mishahara."

Basi tutaandika habari za gari.

GARI NA KAZI YAKE

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa haba, na kwa sababu hiyo bodi yake ikaundwa kwa alumini. Gari hilo lilienea upesi katika Afrika ya Mashariki. Majeshi, polisi, hospitali, misheni na wakulima wote walilitumia, na hata leo mtu akitembea katika vijiji vya milimani hakosi kukuta moja limesimama chini ya mti, kuku wakilala juu ya kiti chake.

Gari la mzee wetu ni la aina ya Series IIA, ambayo ilitengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971. Ni pikapu ya 109, yaani kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109, ambazo ni kiasi cha meta 2.77. Injini yake ni ya petroli, silinda nne, ujazo wa lita mbili na robo. Alilinunua mnadani likiwa limechoka, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe, na tangu alipostaafu limekuwa ndilo shamba lake la pili. Kila wiki hupakia magunia manane ya viazi kutoka Kisoro na kuyapeleka soko la Kabale.

Msomaji asiyeijua njia hiyo na afahamu kwamba si njia ya mchezo. Kutoka Kisoro barabara hupanda hadi Kanaba, zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo msafiri akigeuka nyuma huiona Muhavura imesimama kama askari wa zamu. Halafu hushuka kupitia msitu wa Echuya hadi Muko, ikapanda tena juu ya Ziwa Bunyonyi, ndipo ikateremka kuingia Kabale. Ni kilometa 80 hivi. Zamani ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Sasa ina lami. Na lami hiyo, ambayo ni neema kwa kila mwananchi wa pande zile, ndiyo iliyozusha ubishi ndani ya nyumba ya mzee.

UBISHI WA BABU NA MJUKUU

Mzee ana mjukuu ambaye amesomea ufundi chuoni. Ni kijana mwenye adabu na mwenye bidii, ila ana haraka ya ujana. Hoja yake ilikuwa hii: tangu lami ifike, pikapu mpya kutoka Japani huwapita njiani kana kwamba wao wamesimama. Wanunuzi wakubwa hufika sokoni alfajiri, na anayefika nyuma huuza kwa bei ya mabaki. Land Rover ikifika kilometa 80 kwa saa injini hulia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, na petroli hunywewa kama togwa harusini.

"Babu," kijana alisema, "injini haina kosa. Kosa liko katika difu. Meno yake ni ya enzi za matope."

Akaeleza kwamba Land Rover za aina hiyo zina difu yenye uwiano wa 4.7 kwa moja, na kwamba Range Rover, ambayo ilitoka mwaka 1970 ikiwa gari la mwendo zaidi, ina difu ya umbo lile lile yenye uwiano wa 3.54 kwa moja. Toa ile, tia hii, na gari litatembea. Mzee alisikiliza, akakaa kimya siku mbili, kisha akafungua sanduku akatoa fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya mabati ya paa. Akaagiza difu mbili kuukuu za Range Rover kutoka kwa muuza spea mmoja mjini.

Sisi tulifika siku moja kabla ya mzigo huo kufika kwa basi.

MENO YANASEMAJE?

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze jambo hili kwa wale ambao hawajapata kuliona.

Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikashuka kwenye propela inayozunguka chini ya gari, na mwisho hufika kwenye difu katikati ya ekseli. Ndani ya difu kuna gurudumu dogo la meno liitwalo pinioni, ambalo huzungushwa na propela, na gurudumu kubwa liitwalo krauni, ambalo huzungusha magurudumu ya gari. Katika difu ya 4.7 pinioni ina meno 10 na krauni ina meno 47. Kwa hiyo propela huzunguka mara 4 na sehemu 7 za kumi ili tairi izunguke mara moja tu. Katika difu ya 3.54 pinioni ina meno 13 na krauni meno 46. Hapo propela huzunguka mara tatu na nusu, na zaidi kidogo, kwa mzunguko mmoja wa tairi.

Mfano ulio karibu ni baiskeli ya mchuuzi wa ndizi. Ukimtilia gurudumu kubwa la meno kule nyuma, atapanda kilima na mikungu yake, lakini kwenye tambarare miguu yake itazunguka kama cherehani. Ukimtilia dogo, atakwenda mbio kwenye tambarare, ila kilimani atashuka asukume. Meno hayatengenezi nguvu mpya. Hugawa tu nguvu iliyopo: ama kwa mwendo, ama kwa mzigo.

Tulipiga hesabu ubaoni pamoja na kijana. Kwa tairi za 7.50-16 kama zile za mzee, gari likienda kilometa 80 kwa saa katika gia ya nne, injini yenye difu ya zamani huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kwa difu mpya ingezunguka karibu mara 2,200. Kijana akatabasamu. Mzee akauliza swali moja tu: "Na zile 700 zilizopungua, Kanaba atazilipa nani?"

Hakuna aliyemjibu.

MTAKA CHA UVUNGUNI

Asubuhi ya pili kazi ilianza. Mzee aliliegesha gari mahali pa sawa, akaweka mawe mbele na nyuma ya tairi za mbele, akainua nyuma kwa jeki, kisha akasimamisha ekseli juu ya vigingi imara vya mbao ngumu. "Jeki ni ya kuinulia," alitukumbusha kwa sauti ile ile ya zamani. "Si ya kulalia chini yake."

Kwenye ekseli ya nyuma ya gari hili kazi si ngumu. Oili humwagwa kwanza. Halafu kwenye kila gurudumu hufunguliwa boliti sita za kipande kinachoshika hafshafti, na hafshafti huvutwa nje, gurudumu likiwa mahali pake. Propela hufunguliwa nati nne. Mwisho hufunguliwa nati kumi zinazoshika difu kwenye ekseli, nayo difu hutoka nzima nzima, krauni na pinioni zikiwa ndani yake. Hapo ndipo ulipo uzuri wa muundo huu: fundi habadilishi jino moja moja, hubadilisha nyumba yote. Kama angebadili krauni na pinioni peke yake, ingemlazimu kupima nafasi baina ya meno kwa kipimo cha sehemu za mia za milimeta na kuitengeneza kwa pete nyembamba, kazi ambayo haifai kufanywa chini ya mti.

Lakini tusimdanganye msomaji akadhani kila Land Rover iko hivyo. Katika 109 za Series III ekseli ya nyuma ni ya aina ya Salisbury, nayo difu yake haitoki nzima. Hufunguliwa na kupangwa ndani ya ekseli yenyewe. Na ekseli ya mbele ya gari lolote la jamii hii ni kazi ya siku nzima, kwa kuwa hafshafti zake hupita katika vifundo vinavyopinda magurudumu, na vifundo hivyo sharti vifunguliwe kwanza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na kwa ekseli ya mbele huinama muda mrefu.

Ilipofika saa sita mchana difu ya zamani ilikuwa nje, imelala juu ya gunia. Saa tisa basi likaleta mzigo wetu. Difu zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyeupe: 3.54.

CHAKI YA MZEE

Hapa sisi hatuna budi kukiri kosa letu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya Muhavura, nasi tulikuwa na miadi ya jioni mjini. Kijana alikwisha kupangusa uso wa ekseli na kupaka gundi kwenye gasketi. Tukamwambia mzee, "Mzee, zimeandikwa. Tutie hii ya nyuma sasa, ya mbele kesho."

Mzee hakukasirika. Alifuta mikono kwa tambara, akaomba kipande cha chaki kutoka kwa mtoto aliyekuwa akitazama, akasema, "Afande, rangi haihesabu meno. Kabla hatujafunga hata moja, zote mbili zitahesabiwa."

Akaiweka difu ya kwanza juu ya benchi. Akapiga alama ya chaki juu ya krauni, na nyingine juu ya flenji ya pinioni, akaanza kuzungusha taratibu huku kijana akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Tatu na nusu, na zaidi kidogo, krauni ikarudi kwenye alama yake. Hiyo ilikuwa ya haki.

Akaweka ya pili. Moja. Mbili. Tatu. Nusu ikapita, alama haijarudi. Nne. Alama haijarudi. Ilipokaribia robo tatu ya mzunguko wa tano, krauni ikafika mahali pake. Kijana alinyamaza. Akaomba airudie mwenyewe. Akairudia mara mbili, kisha akahesabu meno ya krauni moja moja kwa kidole: 47.

Difu ya pili haikuwa ya Range Rover. Ilikuwa ndugu wa ile tuliyoitoa asubuhi.

KAMA TUSINGEHESABU

Pengine msomaji atauliza: kuna hatari gani? Kama ya nyuma ni sawa, si gari lingetembea tu?

Lingetembea, na hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Katika Land Rover hii, kwenye barabara ya kawaida huvuta magurudumu ya nyuma peke yake. Gari lingetoka uani vizuri, lingepita mjini vizuri, na kila mtu angeisifu kazi. Lakini dereva anapokwama kwenye mwinuko na mzigo, huingiza gia nzito za kupandia, na katika gari hili gia hizo zikiingia, magurudumu ya mbele huunganishwa papo hapo na ya nyuma. Sasa fikiri: propela ya mbele na propela ya nyuma zinazunguka kwa kasi moja, lakini meno ya mbele yanataka magurudumu yaende polepole, na meno ya nyuma yanataka yaende haraka kwa theluthi moja zaidi. Juu ya tope tairi huteleza zikasameheana. Juu ya lami kavu hakuna kusameheana. Vyuma hujisokota mpaka kilicho dhaifu kivunjike, na mara nyingi kilicho dhaifu ni hafshafti.

Na hafshafti ya nyuma ikivunjika, msiba huja na mwenzake. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika propela ya nyuma, pale inapotoka kwenye giaboksi. Hafshafti ikikatika, propela inaweza kushikwa barabara huku gurudumu likiwa huru. Dereva akisimama mlimani, akavuta breki ya mkono na kuiamini, gari lenye magunia manane na watu juu yake laweza kuanza kurudi nyuma lenyewe. Kule Kanaba, nyuma ya gari hakuna uwanja. Kuna bonde.

Haya yote mzee aliyaeleza akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila kumtazama mtu usoni. Sisi tuliinamisha kichwa. Chuoni tulifundishwa kwamba silaha hukaguliwa na anayeipokea, hata kama aliyeitoa ameapa kuwa haina risasi. Tulilijua neno hilo. Tulisahau kwamba gari nalo ni silaha. Miadi yetu ya jioni tuliiacha.

Jioni ile difu ya zamani ilirudishwa mahali pake, ikamwagiwa oili nzito ya namba 90, kiasi cha lita moja na sehemu saba za kumi, na gari likalala likiwa zima. Muuza spea alipigiwa simu. Hakubishana, aliomba radhi, akaahidi kubadilisha. Baada ya siku kumi na mbili difu nyingine ikaja, nayo ikahesabiwa kwa chaki ile ile. Safari hii ilikuwa ya haki. Kisha mzee na mjukuu wake wakafunga zote mbili, ya nyuma kwa asubuhi moja, ya mbele kwa siku nzima, baada ya kulinganisha kwanza tundu za boliti za flenji.

SIKU YA MAJARIBIO

Sisi tulirudi Kisoro mwishoni mwa likizo ili tushuhudie. Gari likiwa tupu, kwenye sehemu ya tambarare, kusema kweli lilipendeza. Injini ilinong'ona mahali ilipokuwa ikilia. Kijana alikuwa kwenye usukani, uso wake umejaa furaha ya haki.

"Unakwenda mwendo gani?" mzee akauliza.

"Sitini, babu."

"Tazama nguzo za kilometa na saa ya Afande."

Tukapima. Kilometa moja ilichukua sekunde 45. Hiyo ni kilometa 80 kwa saa, wala si 60. Mshale wa mwendo katika gari hili huendeshwa kutoka kwenye giaboksi, nao haujui kwamba meno ya difu yamebadilika. Kila alichosoma kijana, gari lilikuwa likienda theluthi moja zaidi, na breki zilikuwa zile zile za ngoma za mwaka 1967. Mzee alichukua rangi nyekundu akapiga alama juu ya kioo cha saa ya mwendo, mahali pa 45, akaandika pembeni: "60 ndiyo hii."

Kesho yake, saa kumi alfajiri, tukapakia magunia manane.

Mpaka chini ya mlima hapakuwa na neno. Mwinuko ulipoanza, gia ya nne ilikataa mara moja. Kijana akaingia ya tatu. Hesabu ilikuwa imetuonya: gia ya tatu yenye difu mpya ina nguvu kidogo tu kuliko gia ya nne ya zamani, na gia ya nne ya zamani haikupata hata siku moja kuipanda Kanaba na viazi. Akaingia ya pili. Gari likapanda, lakini kwa kukohoa, na mshale wa joto ukaanza kusogea. Kwenye kona mbili kali ilibidi asimame kabisa, aingize gia nzito za kupandia, aanze upya kwa mwendo wa kinyonga. Pikapu za Japani zikatupita. Hata lori moja la mkaa likatupita, na utingo wake akatupungia mkono kwa huruma.

Lakini kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Kutoka Kanaba kuelekea Muko, mzee alikuwa na desturi ya kushuka kwa gia ya tatu, injini ikilizuia gari, mguu ukigusa breki kwa nadra. Kwa meno mapya gia ya tatu haikulishika. Gari lilisukumwa na mzigo wake, mguu wa kijana ukalala juu ya breki, na kabla ya nusu ya mteremko harufu ya breki zilizoungua ikaingia ndani. Mzee akasema neno moja: "Simama." Tukasimama penye upana. Sisi tukaruka chini na kuweka mawe. Magurudumu yalikuwa ya moto kiasi kwamba mate yalichemka juu ya ngoma. Tulikaa pale karibu nusu saa msituni, tukisikiliza ndege, hakuna aliyezungumza. Kisha mzee mwenyewe akashika usukani, akashuka kwa gia ya pili mpaka chini.

Tulifika Kabale tukiwa tumechelewa kuliko siku zote. Viazi viliuzwa kwa bei ya mabaki.

UAMUZI

Wakati wa kurudi gari lilikuwa tupu na lilikwenda vizuri, lakini kijana hakufurahi tena. Tulipofika Kanaba aliomba tusimame. Alitazama milima kwa muda, akasema, "Babu, tuyarudishe meno ya zamani."

Mzee angeweza kusema, "Nilikwambia." Hakusema. Alijibu hivi: "Hukukosea hesabu. Ulihesabu barabara, ukasahau mlima. Gari hili halikuwa polepole kwa sababu ya ujinga wa walioliunda. Lilikuwa polepole kwa sababu ya kazi waliyolipa."

Wiki iliyofuata difu za 4.7 zilirudi mahali pake, na alama nyekundu ikafutwa kwenye kioo. Zile za 3.54 ziliuzwa kwa bwana mmoja ambaye Land Rover yake haibebi kitu isipokuwa yeye, mkewe na mbwa wao, katika nchi ya tambarare. Kwa bwana huyo ni difu zinazofaa kabisa. Mzee alimpa pamoja nazo karatasi yenye maneno mawili matatu kuhusu saa ya mwendo, na kipande cha chaki. Fedha ya mabati ilirudi karibu yote, na kijana ameapa kuijazia iliyopungua.

TULIYOJIFUNZA

Makala haya si ya kumkataza mtu kubadili meno ya difu. Huko Marekani, wenye pikapu za Chevrolet 3100, zilizoanza kutoka mwaka 1947 na difu ya 4.11, huzibadilishia meno ya 3.55 ili ziweze kutembea katika barabara za leo, na wengi hufurahi. Magari yao huvutwa na ekseli moja tu, na mara nyingi hayabebi tena mzigo wowote ila sifa. Aidha, kwa Land Rover ilikuwako ovadraivu iliyotengenezwa na Fairey, ambayo hupunguza mzunguko wa injini kwa karibu asilimia 22 dereva anapoiingiza, na kumrudishia nguvu zake anapoitoa, bila kugusa ekseli. Ni ya zamani na haipatikani kirahisi, lakini aliye nayo ameshika mawili bila kuponyokwa na moja.

Asiye nayo na ashike haya. Kwanza, aulize gari lake lina kazi gani na katika njia ipi, kabla ya kuuliza linakwenda mbio kiasi gani. Pili, ahesabu meno kwa mikono yake. Rangi, maneno na karatasi si meno. Tatu, kama gari linavuta mbele na nyuma, ekseli zote mbili ziwe na uwiano mmoja, la sivyo asiliguse. Nne, asiamini saa ya mwendo mpaka airekebishe. Tano, akumbuke kwamba difu inayopunguza juhudi ya injini kwenye tambarare huongeza juhudi ya breki kwenye mteremko.

Siku tulipoondoka Kisoro ilikuwa siku ya soko. Saa kumi alfajiri tulisikia Land Rover ikiwashwa, kisha ikianza kuupanda mlima polepole kwa sauti yake ile ya zamani, ile ya kulalamika. Tulihesabu gia kwa masikio kutoka kitandani: ya tatu, ya tatu, ya pili kwenye kona, tena ya tatu. Haikusimama hata mara moja.